Nyumba Niliyoinunua Wakati wa Kiangazi

Wazee wetu walituachia methali isemayo: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Methali hiyo nimeifundisha darasani miaka mingi, nikiwaeleza watoto ya kuwa mtu aangalie kosa lingali dogo. Lakini sikujua ya kuwa wako watu wazibao ufa, si kwa kuuokoa ukuta, bali kwa kuiuza nyumba. Leo nataka kuwasimulia jinsi nilivyolijua jambo hilo, na jinsi sheria ya nchi yetu imlindavyo mnunuzi, ili mwenye nia ya kununua nyumba asipite katika shule niliyopita mimi, maana karo yake ni kubwa.

Mimi ni mwalimu hapa Kalemie. Kwa miaka tisa tulikaa nyumba ya kupanga, mke wangu na mimi na watoto wetu, na kila mwezi tulitenga kitu kidogo. Mke wangu hununua ndagala kwa wavuvi alfajiri, huzianika, kisha huziuza kwa wachuuzi waendao Nyunzu na Kabalo. Mshahara wa mwalimu mwaujua. Kwa kweli nyumba ile ilinunuliwa na samaki kuliko chaki. Tulipotimiza dola 6,500 tukaanza kutafuta, na katika mwezi wa Septemba tukapata nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye sebule na vyumba vitatu, mabati mazima, na mwembe uani.

Mwenye nyumba alikuwa mtu wa makamo, mwenye adabu, ambaye toka siku ya kwanza aliniita "mdogo wangu mwalimu". Kuta zote zilikuwa zimepakwa rangi upya. Chumba cha nyuma kilikuwa na sakafu mpya ya simenti, laini kabisa. Nikamwuliza: "Kaka mkubwa, mbona sakafu hii ni mpya kuliko zile nyingine?" Akanijibu: "Chumba hiki nilikiongeza baadaye, kwa ajili ya wanangu walipokua." Jibu lile lilikuwa la kweli, nami nikaridhika.

Nataka mjue ya kuwa sikununua kama mtu mjinga. Nilikuwa nimeonywa sana juu ya hati. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali. Mwananchi hupewa haki ya kuitumia, na haki hiyo huthibitishwa kwa cheti cha kuandikishwa kitolewacho na mhifadhi wa hati za ardhi. Wengi katika miji yetu huuziana parseli kwa karatasi ya mtaa tu, au kwa barua iliyotiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili, kisha hushangaa atokeapo mtu wa pili mwenye karatasi kama yao. Kwa hiyo nilikwenda ofisini, nikahakikisha ya kuwa jina na namba ya parseli vyapatana, na ya kuwa nyumba haikuwekwa rehani. Hati zilikuwa safi. Nilizichunguza karatasi kwa majuma mawili, na nyumba yenyewe kwa nusu saa. Hilo ndilo lililokuwa kosa langu.

Tukahamia siku za mwisho za Septemba. Katikati ya Oktoba ikanyesha mvua kubwa ya kwanza, usiku kucha. Karibu na mapambazuko tukasikia mtoto wetu wa pili akilia katika chumba cha nyuma. Nikaenda na taa. Pembe moja ya chumba sakafu ilikuwa imebonyea kama sahani, mguu wa kitanda umezama hata ubao ukagusa chini, na katika ufa wa simenti ikatoka harufu ambayo sina haja ya kuieleza. Ukutani, rangi mpya ilikuwa imepasuka toka chini hata dirishani, na ndani ya mpasuko ule tukaona ufa wa zamani uliojazwa udongo na chokaa. Nikambeba mtoto, nikafunga mlango wa chumba.

Kulipokucha, bibi mmoja mzee wa nyumba ya pili akaja kutupa pole. Akatazama, akatikisa kichwa. "Mjukuu wangu," akasema, "hapo palikuwa na shimo la choo. Walilifukia kwa takataka na majani, wakajenga chumba juu yake. Masika yaliyopita sakafu ilibonyea vile vile, wakaitengeneza wakati wa kiangazi. Nilidhani alikuambia."

Maneno yale ya mwisho yaliniuma kuliko yote. Nilidhani alikuambia! Mtaa mzima ulijua, isipokuwa mimi niliyelipa.

Sasa nitaungama mambo mawili. La kwanza ni hasira. Jamaa yangu mmoja alisema anao rafiki mwenye bunduki, ambaye angekwenda kumtembelea muuzaji jioni moja, na fedha zetu zingerudi kabla ya asubuhi. Namshukuru Mungu sikukubali, maana atafutaye haki kwa njia hiyo hujiletea bwana mpya wa kumlipa, na muuzaji angegeuka kuwa ndiye mdhulumiwa.

La pili laniaibisha zaidi. Nilimwita fundi mwashi, akapima, akasema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, mifuko sita ya simenti na ndoo mbili za rangi, na nyumba hii itauzika kabla ya Noeli." Siku zile zile muuguzi mmoja kijana, mama wa watoto wawili, aliyehamia kutoka Moba, alikuwa akitafuta nyumba. Alikwisha kusikia ya kuwa labda tutauza. Nami, mwalimu wa watoto, niliyelelewa na mapadri, nilikwenda sokoni nikanunua mifuko mitatu ya kwanza. Nikajiambia: Mimi nilitendewa hivyo, nani atanihesabia kosa? Niliporudi, mke wangu akaitazama mifuko ile, akauliza neno moja tu: "Baba watoto, mtoto wake atalala chumba kipi?" Sikuwa na jibu. Mifuko ikakaa pembeni.

Usiku ule nilikumbuka masomo ya seminari. Tulisoma kitabu cha Cicero juu ya wajibu, alichoandika mwaka 44 kabla ya Kristu, na katika sehemu yake ya tatu mna swali hili hasa: Mtu mwema auza nyumba yenye kasoro azijuazo yeye peke yake, watu wadhani ni nyumba ya afya, kumbe nyoka waingia vyumbani na mbao zake ni mbovu. Je, anyamaze? Cicero ataja wanafalsafa wawili walioshindana: Diogenes wa Babeli aliona muuzaji atimize sheria ya mji tu, asiseme uongo, Antipater, mwanafunzi wake, aliona lazima aseme yote. Cicero akamkubali Antipater. Tena asimulia kesi ya Roma: Claudius Centumalus aliamriwa na maaguri, yaani makuhani watazamao ndege, abomoe sehemu ya nyumba yake iliyowazuia kutazama mbingu, akanyamaza, akamwuzia Calpurnius. Mnunuzi alipolazimishwa kubomoa, akaenda kwa hakimu, naye Marcus Cato akaamua: kwa kuwa muuzaji alijua na hakusema, na alipe hasara. Baada ya karne nyingi Mtakatifu Thomas wa Akwino akafundisha vile vile, ya kuwa muuzaji apaswa kuifunua kasoro isiyoonekana, hasa ikiwa yaweza kumletea mnunuzi hatari au hasara.

Zamani nilidhani hayo ni mazoezi ya Kilatini. Kumbe yalikuwa habari za chumba changu cha nyuma.

Asubuhi nikaenda kwa wakili. Asiye na uwezo ajue ya kuwa mawakili wetu wanayo ofisi ya ushauri wa bure kwa maskini. Si aibu kuuliza. Wakili akanieleza ya kuwa jambo langu si jipya katika sheria ya Kongo. Liliandikwa katika amri ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ya wakati wa Dola Huru ya Kongo, iliyofuata sheria ya Ubelgiji, nayo ya Ubelgiji ilitoka katika kitabu cha sheria cha Ufaransa cha mwaka 1804. Amri ile ya zamani ingali ndiyo msingi wa mikataba yetu. Kwa ufupi yasema hivi: muuzaji ni mdhamini wa kasoro zilizofichika za kitu alichokiuza, ikiwa kasoro hizo zakifanya kisifae kwa kazi yake, au zapunguza faida yake hata mnunuzi asingalikinunua, au angalitoa bei ndogo zaidi, kama angalizijua.

Nisikilizeni vizuri, maana ndani ya maneno hayo machache yamo mambo manne ambayo mnunuzi apaswa kuyaonyesha. Kwanza, kasoro iwe imefichika. Kasoro ionekanayo kwa macho ya mtu mwangalifu, sheria haimlindi mnunuzi; akinunua nyumba yenye paa lililotoboka, asilie mvua ikimnyeshea. Pili, kasoro iwe ilikuwapo kabla ya mauzo, wala si iliyozaliwa baadaye kwa uzembe wa mnunuzi mwenyewe. Tatu, iwe kubwa. Kitasa kibovu hakimpeleki mtu mahakamani. Nne, mnunuzi asikawie. Sheria yatoa muda mfupi, na anyamazaye huhesabiwa kuwa amekubali. Siku ya kuigundua kasoro ndiyo siku ya kuanza kutembea.

Akithibitisha hayo, mnunuzi ana njia mbili za kuchagua. Yaani aweza kuirudisha nyumba na kurudishiwa bei yake, au aweza kukaa nayo na kurudishiwa sehemu ya bei, kwa kadiri ya kasoro kama waipimavyo wataalamu. Ikiwa muuzaji hakuijua kasoro, hata hivyo yu mdhamini. Atarudisha bei na gharama za mauzo. Lakini ikiwa aliijua akanyamaza, basi zaidi ya bei atalipa na hasara zote zilizompata mnunuzi.

Nikamwonyesha wakili mkataba wetu. Mstari mmoja ulisema ya kuwa nyumba yauzwa "jinsi ilivyo". Moyo wangu ukafa. Akanituliza: maneno kama hayo yaweza kumkinga muuzaji asiyejua, basi yafaa kuyaogopa kabla ya kutia sahihi, lakini hayamsaidii aliyejua na kuficha. Kwa hiyo kesi yangu yote ilisimama juu ya swali moja: Je, alijua?

Kisha akaniuliza: "Je, mmekwisha kutengeneza?" Nikasema bado. "Vema," akasema. "Kama ungaliweka simenti, ungalizika ushahidi wako mwenyewe." Nikaikumbuka ile mifuko mitatu, nikatazama chini. Dhambi niliyotaka kumtenda muuguzi yule ingaliniangamiza na mimi.

Tukafanya kazi kwa taratibu. Nilipiga picha za sakafu na ukuta kwa simu. Mtaalamu wa ujenzi akaja, akachimba pembeni mbele ya mashahidi. Chini ya simenti akakuta majani yaliyooza, makopo, jivu, na mahali patupu penye kina kinachopita urefu wa mtu. Akaandika taarifa na kutia sahihi. Yule bibi mzee akakubali kusema mbele ya shefu wa mtaa yale aliyoniambia. Halafu nikamwandikia muuzaji barua, nakala yake ikatiwa sahihi ya kupokelewa. Katika barua sikumtukana. Nilieleza kasoro, tarehe niliyoigundua, na nilichotaka.

Siku ya kukutana alifika na ndugu yake. Mwanzo akasema: "Mwalimu aliiona nyumba, akaikubali." Halafu akasema hakujua lolote. Bibi akamwuliza kwa upole: "Mwanangu, na ile simenti ya kiangazi uliimwaga kwa nini?" Akanyamaza kitambo kirefu. Baadaye akasema ya kuwa alikuwa na mgonjwa Lubumbashi, fedha zilihitajiwa upesi, na aliogopa ya kuwa akisema kweli hatapata mnunuzi. Nilimwonea huruma, sisemi uongo. Lakini mgonjwa wake alitibiwa kwa hatari ya mtoto wangu, na hilo nilimwambia.

Wakili alikuwa tayari kuipeleka kesi katika mahakama kuu ya hapa mjini. Lakini alinishauri nipime: kesi ina gharama, ina siku nyingi, na hukumu njema bado yataka kutekelezwa. Tukapatana kwa maandishi, mbele ya wakili na shefu wa mtaa. Nilichagua kukaa na nyumba, naye akakubali kurudisha dola 1,400 kwa mafungu matatu. Mafungu mawili yalifika kwa wakati, la tatu likachelewa hata Juni. Chumba tulikibomoa, shimo tukalisafisha na kulijaza mawe na kokoto na kulishindilia sawasawa. Mifuko yangu mitatu ya simenti ilifanya kazi pale, kazi ya haki. Leo pale pana kibaraza ambapo mke wangu huanika ndagala zake.

Wengine wataniuliza: Je, na nyumba zilizoingiliwa na maji ya ziwa? Hapa pana tofauti ya kuangaliwa. Toka mwaka 2020 ziwa letu limepanda mara kwa mara, na mwaka 2024 maji yaliingia katika nyumba nyingi za kando, hata watu wakahama. Mto Lukuga ndio mlango pekee wa ziwa kutolea maji yake, nao uko hapa hapa kwetu. Kila mtu ajua. Anunuaye nyumba chini kabisa kando ya maji hawezi kusema ya kuwa ziwa lilifichwa asilione. Lakini ikiwa maji yaliwahi kusimama ndani ya nyumba, na muuzaji akaifuta alama kwa rangi na kuapa ya kuwa hayakufika kamwe, hapo mambo yageuka. Ndivyo ilivyo pia kwa nyufa za tetemeko. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitikisa ziwa, na nyumba zilianguka hapa Kalemie. Nyumba iliyokuwapo siku ile ina historia, na mnunuzi ana haki ya kuiuliza.

Tena tusichanganye kasoro ya nyumba na kasoro ya mwuzaji. Akikuuzia mtu parseli isiyo yake, hapo si sakafu iliyooza, ni haki yenyewe. Sheria yamtaka muuzaji amdhamini mnunuzi asinyang'anywe, tena kuuza mali ya mwingine ni kosa la jinai.

Mwisho niseme habari za muuguzi. Nilimwendea mwenyewe, nikamweleza yote, hata ile mifuko. Akacheka kidogo, halafu akasema: "Basi mwalimu, utanisaidia kutafuta." Alipopata nyumba nyingine tulikwenda pamoja. Hatukuanza na mwenye nyumba. Tulianza na majirani, tukawauliza wazee wa mtaa: choo cha zamani kilikuwa wapi, maji hupita wapi masika, chumba kipi kilijengwa lini na juu ya nini. Tukarudi siku ya mvua, tukatazama pembe za vyumba, tukagonga sakafu kwa fimbo na kusikiliza sauti. Kisha katika mkataba tukamwomba muuzaji aandike kwa mkono wake ya kuwa hajui kasoro yoyote iliyofichika. Muuzaji yule alisita, akasema: "Ngojeni, kuna jambo moja juu ya ukuta wa jikoni." Akatuonyesha, bei ikapungua dola 200, na wote wawili wakapeana mkono kwa furaha.

Ndugu msomaji, ukinunua, nenda wakati wa mvua, uwaulize majirani, wala usione haya. Ukigundua kasoro, usitengeneze kwanza, usipigane, usikawie. Andika, piga picha, tafuta shauri. Na siku utakapouza wewe, mwambie mnunuzi mahali lilipo shimo.